Kengele ya Rwinkuba, Ulimi wa Kabuhima

Chuo cha Ufundi Rwinkuba,
Ngara.
2 Juni 1998

Kaka Katibu wa Michezo wa Kabuhima,

Pokea salamu nyingi kama mahindi ya njano ya wakimbizi.

Barua yenu ya kutaka mchezo wa kila mwaka urudi imefika. Mkuu wetu kaisoma amesimama, kaisoma amekaa, mwisho kasema, "Clever, wajibu hawa watu." Kwa hiyo unajibiwa na golikipa mwenyewe: Clever Ndabirinde, useremala mwaka wa pili, mtu ambaye hajawahi kufungwa penalti tangu atoke tumboni mwa mama yake. Kama huamini, uliza Rulenge yote.

Mmeandika kwamba hamleti timu mpaka mhakikishiwe kuwa kengele ipo, kwa sababu bila kengele hakuna cha kushindania. Sasa, kaka, kwa nini mnatuuliza sisi? Mara ya mwisho tulicheza mwaka 93, kabla watu wa Burundi hawajavuka Ruvubu na dunia haijapinduka huku kwetu. Mimi tangu nifike hapa naamshwa na ringi ya lori. Tungekuwa na kengele, tungegonga ringi? Nyie wala ugali mmeificha, mnataka tuonekane wajinga.

Halafu nina swali langu mwenyewe, si la Mkuu. Vyuo vingine vinashindania kikombe au ngao. Sisi kengele, kwa nini? Nimemuuliza mzee Anatory, mpishi wetu, aliye hapa tangu Rwinkuba ina paa la nyasi. Kaniambia, "Niache, ndizi zitaungua." Ndizi zenyewe zilikuwa hazijamenywa.

Nijibu upesi. Barua mpe Theonest, dereva wa lori la chakula cha kambini, anapita kwenu na kwetu.

Ni mimi, Ukuta wa Rwinkuba,
Clever


Chuo cha Ufundi Kabuhima,
Biharamulo.
13 Juni 1998

Ndugu Ukuta,

Mimi si kaka wa mtu. Naitwa Odeta, nipo mwaka wa pili uhunzi, na ndiye Katibu wa Michezo. Ugali nakula, ndiyo, na ndio unaonipa mkono wa kuinua nyundo. Wala ndizi wangapi hapo kwenu wanaweza?

Swali lako la kengele nimelipenda kuliko matusi yako. Mimi nami sikujua. Nimekwenda kwa mzee Audax, mlinzi wetu, aliyekuwa mhunzi hapa kabla macho hayajamchoka. Amenisimulia hivi.

Zamani chuo kilikuwa kimoja tu, hapo Rwinkuba. Waseremala, waashi na wahunzi walikula chungu kimoja. Wahunzi wakaisubu kengele kwa shaba ya vitasa na mabomba mabovu, waseremala wakaitengenezea mhimili wa mti wa mvule. Siku moja ikaja amri kwamba wahunzi wahamie Biharamulo, wapewe chuo chao. Vitu vikagawanywa vizuri, hata vijiko, mpaka walipofika kwenye kengele. Wahunzi wakasema, shaba ni yetu. Waseremala wakasema, inaning'inia kwenye mti wetu. Walibishana mpaka lori likawashwa. Basi mhunzi mmoja akapanda, akachomoa ulimi wa kengele, akaruka nao garini. Rwinkuba wakabaki na kengele bubu, Kabuhima wakafika na ulimi usio na kinywa.

Ndipo walimu wakaamua, bora mpira kuliko mawe. Anayeshinda anachukua kengele, anayeshindwa anabaki na ulimi. Siku ya mchezo tu ndipo vinakutanishwa, kengele inalia kuanza na kumaliza. Kwa maana hiyo hakuna aliyewahi kushinda yote, na kila mwaka mmoja anamhitaji mwenzake.

Mwaka 93 mlitufunga mbili kwa moja. Kwa hiyo kengele ni nyie mliibeba. Na kuthibitisha kwamba sisi tulishindwa kihalali, nimeutafuta ulimi. Upo. Mpishi wetu Rozalia amekuwa akiutumia kutwangia karanga. Nimempa mchi wa mti, amekasirika.

Tafuta kengele yenu, Ndugu Ukuta. Mzee Audax anasema ukingoni ina alama ya kidole gumba, ya fundi aliyegusa udongo wa kalibu kabla haujakauka. Fundi huyo alikuwa ni yeye.

Odeta


Rwinkuba,
28 Juni 1998

Dada Odeta,

Nisamehe ile "kaka". Mwandiko wako ni mnene, nikadhani una ndevu.

Kaa chini. Umekaa? Nimeipata!

Jumamosi nilikwenda kambi ya Lukole na mikungu miwili kwenye baiskeli. Huko ukienda na ndizi unarudi na mahindi ya njano au mafuta ya galoni, wakimbizi wamechoka na mahindi na sisi tumechoka na ndizi, biashara inakwenda yenyewe. Nikiwa napatana na mama mmoja nikasikia: ngo! ngo! ngo! Si mlio wa ringi. Mlio wenye kifua, lakini umekatwa, kama mtu mwenye mafua anayejaribu kuimba. Nikaacha ndizi nikafuata sauti.

Kuna darasa la turubai la bluu, na mbele yake nguzo mbili na mhimili. Kengele! Kijana mwembamba wa kama miaka kumi na mitano anaigonga kwa nje kwa kipande cha nondo. Nikaingiza kichwa ndani: hakuna ulimi. Nikapapasa ukingo: kidole gumba kile pale, Odeta. Nimeweka changu juu yake, kikatosha sawasawa. Mwambie mzee Audax.

Mwalimu wa hapo ni mama mmoja Mrundi, Kankindi. Nikamwuliza kengele kaipata wapi. Akasema, "Mwaka ule tulipovuka Ruvubu watu walikuwa wamepotezana. Watoto wanalia huku, mama zao wanalia kule, hakuna anayemsikia mwenzake. Akaja mzee mwenye aproni na toroli, akatupa hii. Akasema, pigeni, anayepotea afuate sauti."

Mzee mwenye aproni na toroli! Nilirudi nikamsimamia Anatory jikoni mpaka ndizi zikaungua kweli. Akasema, "Kengele bubu ilikuwa na kazi gani hapa? Kuwaangalia panya?" Kisha akaniomba nisimtaje kwa Mkuu. Sijamtaja. Nimemwambia Mkuu kengele ilitembea yenyewe.

Clever, Mtafutaji Mkuu wa Kagera


Kabuhima,
9 Julai 1998

Clever,

Nimemsomea mzee Audax barua yako. Nilipofika kwenye kidole gumba alikipapasa chake. Halafu akauliza, "Huyo mtoto ana vidole vikubwa kiasi hicho?" Amefurahi. Anaona wivu pia.

Sasa na mimi nina swali. Theonest alikunywa chai hapa jana. Nikamwuliza, huyu Clever wa useremala mwaka wa pili ni mtu wa namna gani? Theonest akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Akasema, "Clever? Yule wa Keza anayefyatua matofali? Seremala wa wapi!"

Sikukuuliza ili nikudharau. Mimi niliandikiana na mwanafunzi. Nataka kujua nimeandikiana na nani.

Odeta


Rwinkuba,
16 Julai 1998

Odeta,

Huyo Theonest nitamtoa upepo matairi yote, hata la akiba.

Sawa. Mimi ni mamluki. Niliacha shule darasa la sita, ada ilikwenda kwenye jeneza la baba, basi. Nafyatua matofali ya Rwinkuba, nalala stoo kwa Anatory, na ikifika siku ya mechi wananivalisha jezi na jina la mwanafunzi fulani. Lakini penalti ni kweli sijawahi kufungwa, hiyo usiiguse.

Na kwa kuwa sasa unanijua, nikwambie yote. Mkuu alipojua kengele iko wapi aliniita ofisini, akanipa kiti, kitu ambacho hajawahi kunipa. Akasema, "Clever, kengele ikirudi ikaning'inia hapa, Januari unaanza useremala. Habari ya cheti cha darasa la saba niachie mimi." Odeta, mimi nimekuwa nikichungulia karakana ile dirishani mpaka ukuta una alama ya paji langu. Najua harufu ya mvule ikikatwa na harufu ya msonobari. Sijawahi kushika randa. Wanaogopa nitaivunja.

Kwa hiyo kesho nakwenda Lukole na baiskeli na kamba ya katani. Kengele ni yetu kwa haki, wewe mwenyewe umesema. Wao nitawapelekea ringi. Ringi nayo inalia.

Mwanafunzi wa Januari,
Clever


Rwinkuba,
19 Julai 1998

Odeta,

Kengele sijaileta. Baiskeli ilipata pancha.

Usicheke. Ilikuwa hivi. Nilimweleza mama Kankindi kila kitu, historia yenu yote, na habari ya Januari. Sikumficha. Hakubisha hata kidogo. Akasema, "Kitu cha watu ni cha watu. Chukua, mwana wanje, mwanangu. Lakini niache niwaite watoto kwa mara ya mwisho, niwaambie, wasije wakakaa huko wakingoja sauti." Akampa ishara yule kijana wa nondo, akagonga.

Wakaja. Wanatoka kila upande, kutoka bombani na madumu, kutoka kwenye kuni, wengine wana watoto wenzao mgongoni. Wakakaa chini wakanitazama kama vile mimi ndiye mkaguzi.

Mimi kwa kupoteza muda nikamwuliza yule kijana jina lake. Akasema, Bukuru. Sasa wewe wa Biharamulo labda hujui, lakini huku mpakani, sisi Wahangaza na Warundi, Bukuru si jina la kumpa mtoto yeyote. Ni la pacha aliyetangulia. Anayefuata lazima aitwe Butoyi. Ukimwona mmoja unamtafuta mwingine kwa macho. Nikageuka nikawatazama watoto, nikauliza kama mjinga, "Na Butoyi yuko wapi?"

Bukuru akaniangalia. Akasema, "Si ndiyo maana nagonga."

Walipotezana siku ile ya kuvuka. Miaka inakwenda mitano. Anagonga asubuhi watoto waje darasani, na jioni anagonga tena, hakuna darasa, hakuna chochote. Mama Kankindi anasema hamkatazi.

Basi ndipo nikaona gurudumu la nyuma limelala. Ningebebaje kengele kwenye pancha? Kamba nimemwachia Nduwayo, kaka yake mama Kankindi, ni seremala, anatengeneza madawati kwa mbao za maboksi.

Mkuu amesema ninampotezea muda. Mwezi ujao atapeleka trekta mwenyewe.

Clever


Kabuhima,
30 Julai 1998

Clever,

Theonest alikupita barabarani hapo Benaco siku hiyo. Anasema ulikuwa unaendesha baiskeli hiyo yenye pancha, kwa kasi, na kamba yako hukuwa nayo. Sitaandika zaidi.

Nimekaa na mzee Audax siku mbili, namwuliza sheria za zamani moja moja kama anayechambua mchele. Moja imenifanya niamke nilipokaa. Alisema, "Kengele haifuatwi kwa gari. Kengele inafuatwa kwa mguu, uwanjani kwa aliyenayo. Mwenye kengele ndiye bingwa na ndiye mwenyeji, hata kama aliipata kwa kuokota."

Nikamwuliza, hata kama si chuo? Akasema, "Hao wana darasa? Wana mwalimu? Wanagonga wanafunzi waje? Sasa unataka chuo kiwe na nini, mapembe?"

Kwa hiyo mkuu wa kwetu amemwandikia Mkuu wenu na mkuu wa kambi pia. Rwinkuba wakitaka kengele wakacheze na Lukole, huko huko kambini, maana wakimbizi hawaruhusiwi kutoka. Lukole wakishinda, kengele ni yao, na hakuna trekta litakalokanyaga pale. Rwinkuba wakishinda, inarudi. Na sheria inasema, ikiwa sare, kengele inarudi ilikosubiwa, nayo ilisubiwa Rwinkuba. Umeelewa? Nyie sare tu inawatosha. Sisi Kabuhima tutaleta ulimi na refa, na mwaka ujao tutacheza na atakayeibeba.

Najua nimekuweka pabaya. Ukidaka vizuri, Januari una karakana. Nimefikiri sana kabla ya kutuma barua hii, kisha nikaona kwamba bora uamuzi uwe miguuni mwa watu kuliko kwenye trekta.

Odeta


Rwinkuba,
11 Agosti 1998

Odeta,

Mkuu amekubali, hata kasugua mikono. Anasema timu ya watu wanaokula kwa kadi ya mgao itamfunga nani.

Tutacheza Jumamosi ya tarehe 29. Usinionee huruma, sipendi. Mimi nikiingia golini simjui baba wala mjomba. Nimekwenda kuwaona wakifanya mazoezi, mpira wao ni mifuko ya plastiki iliyofungwa kamba ya katani. Kamba yenyewe naijua. Bukuru anapiga mguu wa kushoto, anaangalia kona ya kulia kwangu kabla ya kupiga, na ndiko anakopiga, kila mara, mtoto yule hajui kuficha macho. Hata mkinifunga kitambaa usoni nitadaka.

Leta ulimi. Usisahau kuufuta karanga.

Ukuta


Kabuhima,
2 Septemba 1998

Clever,

Tumefika salama. Vumbi la Lukole bado linatoka kwenye nywele zangu.

Nilitaka kusema nawe baada ya mchezo lakini Mkuu wenu alikuwa amekushika bega, na uso wake haukuwa wa kukaribiwa.

Nataka nikwambie nilichokiona mimi. Mzee Audax alishikwa mkono mpaka kwenye nguzo, akautia ulimi mwenyewe, kwa kupapasa. Bukuru akavuta kamba. Clever, sijawahi kusikia kitu kama kile. Ile "ngo" yenu yenye mafua ikafunguka koo. Watu walitoka mpaka vilima vya mwisho vya turubai. Mama Kankindi alijifunika uso na khanga, na mzee Audax akasema, "Kumbe nilisubu vizuri."

Kisha nikakuona wewe. Umezidaka zote, za juu, za chini, ile ya kipindi cha pili sijui hata mkono ulitoka wapi. Vijana wetu wa Kabuhima walikuwa wanakushangilia, nyie wala ndizi, wakajisahau. Bila kwa bila, na sare ni yenu. Halafu beki wenu akaushika mpira kwa mkono kama anayevuna parachichi.

Ikawa penalti, Bukuru akaweka mpira. Akaangalia kona ya kulia kwako, hata mimi niliyekuwa mbali nilimwona. Wewe ukaruka kushoto.

Ulipotoka ulimwambia Mkuu wako kwamba jua lilikupiga machoni. Nimechora uwanja kwenye karatasi, nikamwonyesha na Theonest. Saa kumi na moja jioni, goli la upande wa kisima. Jua lilikuwa mgongoni mwako, Clever. Lilikuwa machoni kwa Bukuru.

Na jambo la pili. Kwa sheria, anayeshindwa anaondoka na ulimi. Golikipa ndiye anayeuchomoa. Lakini Theonest alipita Lukole juzi, anasema kengele inasikika mpaka barabara ya lami.

Tunaandika historia ya mchezo huu, yote, toka lile lori la kwanza. Sura ya mwisho imenishinda. Niandike nini?

Odeta


Lukole, kwa Nduwayo,
20 Septemba 1998

Odeta,

Umeona anwani? Rwinkuba nimefukuzwa, hata matofali sifyatui tena. Mkuu amesema Januari nisionekane hata dirishani. Paji langu limepumzika.

Kuhusu ulimi, nilisahau kuuchomoa. Mtu una mambo mengi siku ya mechi. Mzee Anatory amejitolea kuja kuuchukua na toroli lake, lakini kila akitaka kutoka ndizi zinaungua.

Nduwayo alinikuta nimekaa kwenye nguzo ya kengele, akaniuliza kama ninaweza kushika ubao akiukata. Nikamwambia mimi ni mwanafunzi wa useremala mwaka wa pili. Akacheka, akanipa randa. Odeta! Inaimba! Nilidhani inakwaruza, kumbe inaimba, na utepe wa mbao unatoka mrefu kama utambi. Kuvunja sijaivunja. Natoka Keza alfajiri na baiskeli, kengele ya asubuhi ikilia nishafika, ya jioni ikilia nafunga kazi. Dawati la kwanza miguu yake haikulingana, nikampa Bukuru, anasema analipenda kwa sababu linamwamsha akisinzia.

Jioni bado anagonga. Anavuta kamba sasa, si nondo. Wiki iliyopita alikuja mtu kutoka kambi ya Kitali, kasikia mlio na habari za mechi, anauliza kama ni kweli hapa yupo Bukuru asiye na mwenzake. Huko kwao, anasema, kuna kijana anaitwa Butoyi, anacheza mguu wa kushoto. Majina hayo ni mengi kama majani, nimemwambia Bukuru asiruke mapema. Hajalala tangu siku hiyo. Mama Kankindi amewaomba wakubwa wa kambi kibali waende wakamwone. Tunangoja.

Sasa hiyo historia yenu. Habari ya jua nimekuachia, andika unavyotaka, wewe ndiye uliyesoma. Mwakani mje na timu ya kweli, si ya wapiga makofi, Lukole tunawangoja na nipo golini kwao, mamluki ni mamluki.

Ila sura ya mwisho andika ukweli, usije ukaniharibia jina kwa watoto wa kesho: Clever Ndabirinde hajawahi kufungwa penalti.

Hata ile.

Clever